Kiraka, Sasisho na Toleo Jipya: Tahakiki ya Istilahi za Kubadili Mfumo Endeshi

1. Madhumuni

Makala haya yanakusudia kupima istilahi ambazo mtumiaji wa kompyuta asomaye Kiswahili hukutana nazo pale anapoulizwa kama anakubali mfumo endeshi wa mashine yake ubadilishwe. Istilahi zenyewe si nyingi: sasisho, boresha, pandisha daraja, toleo, sakinisha, usaidizi, nakala rudufu, rejesha, ghairi. Nyingi kati ya hizo zimekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, kuzoeleka kwa neno si ushahidi kwamba linaifanya kazi liliyopewa. Kazi ya istilahi ni kumwezesha msomaji kutenganisha dhana moja na nyingine, na kazi hiyo hupimika vizuri zaidi mahali ambapo msomaji hana budi kuchagua, kwa kuwa hapo akikosa kuelewa hupata hasara.

Mfumo endeshi, kama ijulikanavyo, ni programu kuu inayosimamia kazi zote za mashine: kugawa kumbukumbu, kusoma na kuandika katika diski, kupokea herufi za kibodi, na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi. Kuubadilisha si sawa na kubadilisha programu moja ya kuandikia barua. Programu ya barua ikiharibika, barua haziandikwi. Mfumo endeshi ukiharibika, hakuna kinachofanyika.

Huenda wengine wakasema kwamba uamuzi wa namna hii ni wa mafundi, na kwamba mafundi wanajua Kiingereza. Katika wizara na mabenki hoja hiyo ina uzito. Lakini katika shule, zahanati na maduka ya steshenari mashine aghalabu ni moja au mbili, pengine zimenunuliwa zikiwa zimekwisha tumika ng'ambo, na anayeisoma skrini ni mwalimu, mwuguzi au mwenye duka mwenyewe. Huyo ndiye msomaji tunayemtetea hapa.

2. Neno moja, dhana mbili

Tuanze na neno lililoenea kuliko yote, yaani sasisho. Katika matumizi ya sasa neno hili hubeba dhana mbili zilizo mbali. Ya kwanza ni ile ya marekebisho madogo ambayo watengenezaji wa mfumo huyatoa mara kwa mara ili kuziba nyufa za usalama na kuondoa kasoro. Mfumo hubaki ule ule; sura yake haibadiliki, na mtumiaji akiamka asubuhi haoni tofauti. Dhana ya pili ni ile ya kuuondoa mfumo uliopo na kuweka mwingine mahali pake, wenye sura nyingine, masharti mengine kwa mashine, na pengine usiokubaliana na mashine ya kuchapia au programu ya hesabu iliyokuwa ikitumika jana. Lugha ya mitaani nayo imefuata mkondo huo huo: kijana husema "naapdeti" katika hali zote mbili.

Ili kuonyesha kwamba tofauti hii si ya wanaisimu peke yao, tuchukue mfano wa mfumo wa Windows wa kampuni ya Microsoft, ambao umeenea sana katika kompyuta za mezani na ambao historia yake ya miaka ya 2015 hadi 2025 inajulikana vizuri.

Tarehe 14 Machi 2017 kampuni hiyo ilitoa marekebisho ya kuziba ufa mmoja wa usalama. Tarehe 12 Mei 2017, yaani siku 59 baadaye, programu haramu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa huo huo, ikayafunga mafaili ya watu kwa maandishi ya siri na kudai malipo ili iyafungue. Mashine zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Nchini Uingereza hospitali nyingi za umma zilikumbwa, na ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Sehemu kubwa ya mashine zilizodhurika zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao dawa yake ilikwisha tolewa na kilichokosekana ni kuiweka. Katika mkasa huu aliyechelewa ndiye aliyepata hasara.

Sasa tutazame mkasa wa pili. Tarehe 2 Oktoba 2018 kampuni ile ile ilianza kutoa toleo kubwa la Windows 10 lililopewa namba 1809. Baada ya siku chache ililisimamisha, kwa sababu baadhi ya watumiaji walikuta mafaili yao yamefutwa. Kampuni ilieleza kwamba taarifa za upotevu huo zilikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja, yaani moja katika kila 10,000. Kwa kampuni hiyo ni idadi ndogo. Kwa mtu aliyepoteza picha na hati zake ni hasara kamili. Toleo hilo lilitolewa upya tarehe 13 Novemba 2018. Aliyengoja wiki sita hakupoteza kitu. Katika mkasa huu aliyeharakisha ndiye aliyepata hasara.

Mikasa hii miwili inatufundisha kanuni mbili zinazopingana. Marekebisho madogo ya usalama yasicheleweshwe. Mabadiliko makubwa ya mfumo yafaa yangojewe hadi wengine wayajaribu na mtumiaji awe amehifadhi mali yake. Mtu hawezi kuzifuata kanuni hizi mbili ikiwa lugha inampa neno moja tu. Atajenga desturi moja kwa yote: ama atakubali kila kitu, akaangukia mkasa wa 2018, ama atakataa kila kitu, akaangukia ule wa 2017. Aliyewahi kupoteza siku nzima ya kazi kwa "sasisho" kubwa, halafu akakataa "sasisho" dogo la mwezi uliofuata, hakufanya jambo la kijinga. Alifuata neno.

Ni haki kukiri kwamba mkanganyiko huu haukuanzia katika Kiswahili. Mwanzoni mwa 2016, wakati Microsoft ilipokuwa ikiwapa wenye Windows 7 na Windows 8.1 nafasi ya kuhamia Windows 10 bila malipo, badiliko hilo kubwa liliondolewa katika kundi la masasisho ya hiari likatiwa katika kundi la masasisho yanayopendekezwa. Matokeo yake ni kwamba mashine zilizokuwa zimeruhusiwa kupokea mapendekezo bila kuuliza zilianza kuupakua mfumo mzima. Kilichobadilishwa hapo kilikuwa jina la kundi tu. Jambo lenyewe lilibaki lile lile. Kama jina la kundi laweza kuhamisha mfumo wa mashine, basi hatuwezi kusema kwamba majina ya makundi ni jambo dogo.

3. Je, neno sasisho lenyewe ni baya?

Wako waliolipinga neno hili kwa hoja ya sarufi, wakidai kwamba sasa ni kielezi cha wakati na hakiwezi kuzaa kitenzi. Hoja hiyo haina nguvu. Kiswahili kina desturi ya kale ya kuvipa vielezi na vivumishi mnyambuliko wa kutendesha: haraka imezaa harakisha, imara imezaa imarisha, fupi imezaa fupisha, sawa imezaa sawazisha. Sasisha imefuata njia iliyokwisha fyekwa. Tena maana yake iko wazi: kukifanya kitu kiwe cha sasa. Nomino yake, sasisho na masasisho, haina tatizo lolote katika upatanisho.

Kwa hiyo pendekezo letu ni kwamba neno libaki, lakini lipunguziwe mzigo. Yafaa tuwe na daraja tatu. Ya chini kabisa ni kiraka: rekebisho moja linaloziba ufa mmoja. Neno hili limekwisha anza kutumika, nalo lina faida kubwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba nguo iliyotiwa kiraka ni nguo ile ile, na kwamba tundu dogo lisipozibwa mapema hukua. Daraja ya pili ni sasisho: mkusanyiko wa viraka na marekebisho madogo ndani ya toleo lile lile. Daraja ya tatu ni ile ya kuliacha toleo moja na kuchukua jingine, na hiyo isiitwe sasisho kamwe. Iitweje? Hapo ndipo penye ugumu, nasi tutapatazama katika sehemu ifuatayo.

4. Boresha na pandisha daraja

Maneno mawili yamependekezwa na kutumiwa kwa badiliko kubwa: kuboresha na kupandisha daraja. Yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba yanatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora. Mtu akiulizwa, "Unataka kuboresha mfumo wako?" amekwisha kuambiwa kwamba jibu la "la" ni jibu la mpumbavu, kwani nani asiyetaka kilicho bora? Na kupandisha daraja ni hivyo hivyo: mwanafunzi hupandishwa darasa kwa kuwa amefaulu, na mtumishi hupandishwa cheo kwa kuwa amestahili. Hakuna anayekataa kupandishwa.

Lakini swali lenyewe ndilo hilo hasa linalotakiwa kuamuliwa: je, toleo jipya litakuwa bora kwa mashine hii, kwa kazi hii, katika siku hii? Kwa mwenye kompyuta mpya jibu laweza kuwa ndiyo. Kwa mwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo, ambayo baada ya badiliko hilo itachukua dakika nyingi kuwaka, jibu laweza kuwa la. Istilahi iliyo sawa hulitaja tendo na kumwachia msomaji hukumu. Istilahi inayosifu imeacha kazi ya istilahi ikachukua kazi ya tangazo la biashara. Tena kitenzi boresha kina kazi yake halali katika lugha, kama vile kuboresha mbegu, makazi au mishahara, wala hakihitaji kutwishwa dhana ya kiufundi inayokifanya kiseme lisilokuwa na hakika.

Neno toleo ni tofauti. Limetokana na kutoa, na wasomaji wanalijua kutokana na vitabu na magazeti. Halisifu wala halikashifu. Msomaji wa vitabu anaelewa kwamba toleo la pili huja baada ya la kwanza, kwamba pengine limesahihishwa na pengine limeharibiwa, na kwamba toleo la kwanza lililoko rafuni bado linasomeka. Uelewa huo wote ni sahihi kwa mfumo endeshi pia.

Kwa tendo lenyewe tunapendekeza kuhamia toleo jipya. Mtu anayehama anajua, bila kufundishwa, kwamba atabeba vyombo vyake, kwamba huenda kingine kikavunjika njiani au kisiingie mlangoni, kwamba yafaa kuikagua nyumba mpya kwanza, na kwamba siku ya kuhama si siku ya kazi nyingine. Mambo hayo manne ndiyo ushauri ambao fundi angempa: hifadhi mafaili, kagua kama programu na vifaa vyako vinakubaliana na toleo jipya, pima uwezo wa mashine, tenga wakati.

Kwa upande wa nomino tahadhari inahitajika. Uhamiaji limekwisha kuchukuliwa na shughuli za pasipoti na mipaka. Uhamisho nalo ni neno zuri lakini limetokana na hamisha, si hama: mtumishi hupewa uhamisho na mkubwa wake, kwa amri. Kwa mtumiaji aliyeamua mwenyewe neno lifaalo ni uhamaji, yaani uhamaji wa toleo. Na ikiwa mashine itahamishwa bila mwenyewe kuulizwa, kama ilivyowatokea baadhi ya watu mwaka 2016, hapo uhamisho litakuwa neno sahihi kabisa, na ni vizuri kwamba lugha yetu inaweza kulisema jambo hilo kwa herufi chache.

5. Sakinisha, sanikisha, simika, weka

Kwa tendo la kuitia programu ndani ya mashine kuna vitenzi vinne vinavyoshindana. Sakinisha kimetokana na sakini, yaani kukaa mahali, chenye shina moja na maskani. Maana yake ni kukifanya kitu kikae, nayo inafaa. Simika kina historia ya heshima katika kusimika nguzo, mitambo na viongozi, lakini hubeba picha ya kitu kizito kinachosimama wima. Weka ni kitenzi cha kila siku na kinaeleweka na wote. Udhaifu wake ni kwamba kinaeleza mambo mengi mno, tangu kuweka akiba hadi kuweka ahadi.

Kitenzi cha nne, sanikisha, hatuna budi kukikataa. Kimezagaa katika tafsiri za haraka, lakini hakina shina katika Kiswahili wala katika lugha iliyotukopesha. Kwa dalili zote ni sakinisha iliyopinduliwa silabi, kisha ikanakiliwa na watu ambao hawakuuliza. Kulinyamazia kosa la namna hii ni kulipa uraia. Tunapendekeza sakinisha katika maandishi ya kiufundi, na weka katika maelezo yanayokusudiwa watu wote; maneno hayo mawili yaweza kuishi pamoja bila kugombana.

Vivyo hivyo kwa jina la mfumo wenyewe. Mfumo wa uendeshaji, ijapokuwa ni sahihi kisarufi, humpeleka msomaji kwenye uendeshaji wa mashirika na vyama vya ushirika. Mfumo endeshi ni fupi na halina mgongano, na ndilo tulilolitumia humu.

6. Usaidizi uliokwisha na mashine "isiyotumika"

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10, mfumo uliotolewa tarehe 29 Julai 2015. Kwa Kiswahili jambo hili huelezwa kama mwisho wa usaidizi. Maneno haya hupotosha kwa njia mbili zilizo kinyume.

Msomaji wa kwanza huelewa kwamba ofisi ya kujibu maswali imefungwa. Kwa kuwa hajawahi kuipigia simu ofisi hiyo tangu azaliwe, haoni kama amepungukiwa, naye huendelea kama kawaida. Msomaji wa pili husikia neno mwisho, akadhani kwamba mashine itazimika siku hiyo, naye hukimbilia kununua nyingine. Wote wawili wamekosea. Mashine inaendelea kufanya kazi. Kilichokoma ni viraka. Nyufa zitakazogunduliwa baada ya hapo hazitazibwa, na hatari itakua kidogo kidogo, zaidi kwa mashine iliyounganishwa na intaneti kuliko ile iliyofungiwa ofisini bila mtandao.

Neno usaidizi hapa limetafsiri sauti ya Kiingereza na kuiacha dhana. Dhana yenyewe Kiswahili kinayo siku nyingi katika gereji na karakana, nayo ni matengenezo. Tunapendekeza ukomo wa matengenezo. Mwenye gari anajua tofauti kati ya gari lililokufa na gari ambalo vipuri vyake havitengenezwi tena. Istilahi hii pia inatuwezesha kueleza kwa urahisi jambo lililofuata: watumiaji binafsi walipewa njia ya kuendelea kupata viraka vya usalama kwa muda wa ziada, uliopangwa kufika tarehe 13 Oktoba 2026. Hayo ni matengenezo ya nyongeza, na kila mtu ataelewa.

Kosa lililo jirani ni kubwa zaidi. Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, ina masharti: kumbukumbu isiyopungua jigabaiti 4, nafasi ya diski isiyopungua jigabaiti 64, kichakataji cha aina zilizoorodheshwa, na chombo cha usalama kiitwacho TPM cha toleo 2.0. Mashine nyingi zilizo nzima kabisa hazina chombo hicho au zina kichakataji cha zamani kuliko kinachokubaliwa. Sasa mwenye mashine ya namna hiyo huambiwaje? Katika tafsiri nyingi za vifaa na programu dhana hii hutolewa kwa neno haitumiki: "Kompyuta hii haitumiki." Kwa Mswahili yeyote maneno hayo yana maana moja tu, kwamba kompyuta hii ni ya kutupwa au hakuna anayeitumia. Naye anaisoma sentensi hiyo juu ya kompyuta anayoitumia wakati huo huo!

Kinachotakiwa kusemwa ni kwamba mashine haikidhi masharti ya toleo jipya. Kosa hapo si la mashine. Ni masharti yaliyowekwa na mtengenezaji, na mwenye mashine bado ana njia kadhaa: kubaki alipo kwa kutumia matengenezo ya nyongeza, kuitenga mashine na mtandao, au kuweka mfumo mwingine ulio huru kama Linux. Neno moja lililokosewa linaweza kumfanya mwalimu mkuu aandike katika ripoti yake kwamba kompyuta sita za shule zimeharibika.

7. Njia ya kurudi

Uamuzi wa busara huuliza pia: nikijuta, nitarudije? Hapa lugha ya vitufe imechanganya matendo matatu. Kuna kurudi toleo la awali, yaani kuliacha toleo jipya na kulichukua tena lile la zamani. Windows 11 huruhusu jambo hili kwa kawaida ndani ya siku 10 tu baada ya kuhama. Kuna kurejesha mafaili, yaani kuyatoa mahali yalipohifadhiwa na kuyaweka tena katika mashine. Na kuna kuanza upya, ambako mfumo hurudishwa katika hali ya kiwandani, na programu za mtumiaji, pengine na mafaili yake, huondolewa. Mara nyingi matendo yote matatu huandikwa rejesha au weka upya bila utaratibu. Msomaji anayetafuta la kwanza akibonyeza la tatu, hakuna kamusi itakayomrudishia hati zake. Tunapendekeza rudi kwa la kwanza, rejesha kwa la pili, na futa na uanze upya kwa la tatu. La mwisho ni refu kwa makusudi, maana tendo linaloharibu lazima lijitaje kwa jina lake.

Hali ni hiyo hiyo kwa nakala rudufu na kusawazisha. Nakala rudufu ni nakala ya pili inayokaa peke yake: ya kwanza ikifutwa, ya pili hubaki. Kusawazisha ni kuzifanya nakala mbili zifanane wakati wote: moja ikifutwa, nyingine nayo hufutwa. Nakala inayofuata kila badiliko haimkingi mtu na badiliko baya. Kuviita vitu hivi viwili kwa pamoja "kuhifadhi" ni kumpa mtu mwavuli uliotoboka.

8. Vitufe vya kuchagulia

Swali hukamilika kwa majibu yanayoruhusiwa. Mwaka 2016 dirisha lililowaarifu watu juu ya Windows 10 lilifikia hali ya kwamba mtu akilifunga kwa alama ya X alihesabiwa kuwa amekubali siku iliyokwisha pangwa. Malalamiko yakawa mengi, na mwishoni mwa Juni 2016 kampuni ikatangaza dirisha jipya lenye majibu matatu ya wazi: kuhama sasa, kuchagua wakati, na kukataa.

Katika Kiswahili jibu la tatu mara nyingi hukosekana. Huwekwa sasa na baadaye, kama kwamba jambo limekwisha amuliwa na kilichobaki ni saa tu. Au huwekwa ghairi. Ghairi maana yake ni kubadili nia, na mtu ambaye hajaazimia jambo hawezi kulighairi. Mbaya zaidi ni pale mashine inapouliza, "Unataka kughairi?" na chini yake kuna vitufe viwili, Ghairi na Sawa. Tunapendekeza kataa kwa kukataa ombi, ahirisha kwa kuliweka mbele, na simamisha kwa tendo lililokwisha anza. Ghairi lipumzishwe.

9. Jaribio

Ili msomaji apime mwenyewe, tunaweka tangazo la mtindo uliozoeleka, tulilolitunga kwa maneno tuliyoyachambua:

"Sasisho linapatikana. Usaidizi wa toleo lako umekwisha. Boresha mfumo wako ufurahie vipengele vipya. Sakinisha sasa. Baadaye."

Na hili ni la istilahi tunazozipendekeza:

"Matengenezo ya toleo la mfumo endeshi lililomo katika mashine hii yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kufanya kazi, lakini nyufa mpya za usalama hazitazibwa. Mashine hii inakidhi masharti ya toleo jipya, na unaweza kulihamia bila malipo. Uhamaji utatumia jigabaiti kadhaa za data, na mashine isizimwe katikati. Kwanza weka nakala rudufu ya mafaili yako nje ya mashine. Ukihama, unaweza kurudi toleo la awali ndani ya siku 10. Hamia sasa. Chagua wakati. Kataa."

Tangazo la pili ni refu, na watafsiri watasema kwamba halitoshi katika dirisha. Ni kweli kwamba mara nyingi watafsiri hupewa orodha ya maneno yaliyokatwakatwa, bila kuonyeshwa mahali yatakapokaa, na lawama nyingi zilizomo humu haziwaangukii wao peke yao. Lakini ufupi ni sifa ya istilahi pale tu maana inapobaki nzima. Tangazo la kwanza ni fupi kwa sababu limeyaacha nje yote ambayo mtu alihitaji kuyajua ili aamue.

10. Hitimisho

Mapendekezo yetu kwa baraza ni haya. Kwanza, kiraka, sasisho na uhamaji wa toleo zisanifiwe kama daraja tatu zilizotengana, na boresha na pandisha daraja ziondolewe katika orodha. Pili, ukomo wa matengenezo lichukue nafasi ya mwisho wa usaidizi, na haikidhi masharti lichukue nafasi ya haitumiki. Tatu, sanikisha litangazwe kuwa kosa. Nne, istilahi za kurudi, kurejesha na kuanza upya zitolewe pamoja, katika ukurasa mmoja, ili zisichanganywe.

La tano ni la utaratibu. Kabla ya kupitishwa, orodha hii isomwe kwa walimu, wauguzi na wenye maduka, wa Tanzania na wa Kenya pia, ambako hata kompyuta huitwa tarakilishi. Waulizwe swali moja tu: "Ukibonyeza hapa, unafikiri kitatokea nini?" Neno ambalo jibu lake litakosewa na wengi lirudishwe kwenye kamati, hata kama limeundwa kwa ustadi mkubwa na wanakamati wote wanalipenda.